Kasha Lililouliza Hali

Kasha la kwanza kukataa kufunguka lilimkataa mchungaji mwenyewe, Jumapili mchana kweupe, mbele ya kanisa zima.

Mchungaji Mbilinyi alikuwa ameombwa afungue kwa niaba ya kijiji cha Ikombelo. Akapandisha mikono ya joho, akashika mpini kama alivyoelekezwa, kiganja chote kikigusa ule utepe wa shaba. Kitaa cha buluu kikawaka. Sauti ya kike ikatoka ndani ya kasha, laini, sauti ya mtu wa pwani aliyelelewa akaleleka.

"Hali yako?"

"Bwana asifiwe! Nzuri sana," akajibu mchungaji.

"Ninafurahi kusikia hivyo. Siku njema."

Kitaa kikazimika. Mchungaji akavuta kifuniko. Akavuta tena. Akalibana kasha katikati ya magoti akavuta kwa mikono miwili, mpaka wazee wa kanisa waliokuwa wamekaza nyuso wakashindwa, na watu wote wakaangua kicheko.

"Baba Mchungaji," akasema Fundi Nasra, binti aliyekuja na makasha hayo kutoka mjini, "una shida yoyote?"

"Sina, mwanangu. Mimi nimetumwa kujaribu tu."

"Basi limefanya kazi yake. Limekuuliza, likapima mapigo ya moyo wako, likaona huna haja. Mwenye haja litamfungulia."

Watu wakapiga makofi. Mama Tulizo naye akapiga, ameketi benchi la tatu, kitenge kimefungwa chini ya kidevu. Lakini alikuwa mtu wa kuangalia, na kuna kitu hakikumkalia sawasawa. Hakukijua jina. Akakiweka pembeni, kama mtu anavyoweka punje ya mchele anayoishuku kuwa jiwe.

Ikombelo iko juu kabisa, mahali ambapo asubuhi maji ya ndoo hushika ngozi ya barafu. Mashamba ya viazi na pareto yamepanda migongo ya milima, na zamani aliyezeeka alibaki uani akiota jua. Siku hizi wazee walikuwa na nyonga za chuma. Mtu anazifunga kiunoni na mapajani, anabonyeza, zinampandisha mlima kama kijana aliyeitwa kula. Ubaya wake ni mmoja: betri haipendi baridi. Mjini inakaa siku nzima. Juu kwenye matuta, ukungu ukishuka, inakufa ghafla kama mshumaa uliopulizwa, na mzee anasimama katikati ya mlima amenyooka kama mwiko ndani ya ugali.

Ndiyo sababu ya makasha. Yalikuwa na ukubwa wa Biblia na kitabu cha nyimbo vikibebwa pamoja, nje yamevikwa mpira mgumu wenye mabonde kama gamba la kobe. Fundi Nasra alilitupa moja kutoka juu ya mnara wa kengele, likadunda, likaviringika mpaka kwenye mfereji, likatolewa halina hata mkwaruzo. Ndani yake betri nne zililala kila moja kitandani mwake, kama mayai kwenye trei, zisigusane vichwa, maana betri mbili zikigusana vichwa huzaa moto. Ukingo wa kifuniko ulikuwa na utepe laini usiopitisha tone la maji, na chini kulikuwa na joto dogo lisilozima.

Lakini kitu chenyewe hasa kilikuwa ile sauti. Watu waliiita Hakimu, na kila aliyezidi miaka kumi alijua imewekwa kwa nini.

Miaka sita nyuma Ikombelo ilikuwa na sanduku la mbao kule kwenye tuta, limejaa betri za akiba, halina kufuli. Ikaja arusi. Spika zikazimika ngoma ikiwa imekolea, mtu akapanda akachukua betri mbili, mwingine akachukua mbili, kila mmoja akisema atazirudisha kesho. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Na mumewe Mama Tulizo, aliyekuwa juu na kondoo na goti lake bovu, nyonga zake zikazimika, akajikokota mpaka kwenye sanduku, akalifungua.

Mama Tulizo alikuwepo arusini. Alicheza. Muziki ulikuwa mtamu. Jambo hilo hakuwahi kumficha Mungu wala mtu, na hakuwahi kumlaumu yeyote, kwa sababu angeanzia na miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kijiji kilipotakiwa kutoa mtunza makasha, mtu ambaye Hakimu angejifunza kutoka kwake kwa siku arobaini namna ukweli unavyosikika kinywani mwa watu wa huku, hawakuhangaika.

"Mama Tulizo," wakasema. "Huyu hata mwalimu wa kwaya alipouliza nani anaharibu sauti ya pili, alisimama akasema ni mimi."

Fundi Nasra akamshika mkono. "Mama, nisikilize vizuri. Haya makasha kumi na mawili ni kama watoto mapacha, linachojifunza moja yanajua yote. Ukiliambia uongo, hata mara moja, hata kwa nia njema, litadhani uongo ndio ukweli. Halafu litamfungulia kila mwongo."

"Na siku ya mwenye haja halitakuwa na kitu," akasema Mama Tulizo.

"Hivyo hivyo."

"Nimeelewa, mwanangu. Sanduku tupu nalijua."

*

Jumatano iliyofuata alipanda tutani na Mzee Lutengano Sanga kuangalia viazi kama vimepigwa na baridi. Mzee Lutengano alikuwa na miaka sabini na minane, rafiki wa marehemu mumewe, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema ameumwa. Mwaka alipoangukiwa na mti aliwaambia waliokuja kumtoa, "Karibuni, karibuni, mmeamkaje?"

Alitangulia, nyonga zake zikilia *zii, zii*, na kila baada ya hatua kumi aligeuka.

"Wewe binti, unatambaa! Umekula nini asubuhi?"

"Nimekula viazi, Mzee. Wewe unatembezwa na umeme, mimi natembezwa na viazi."

"Basi viazi vyako vimeisha chaji."

Walifika juu saa nane. Viazi vilikuwa salama. Walikuwa wamegeuka kurudi Mama Tulizo alipoona upande wa mashariki wingu limebadilika rangi, si jeusi wala la kijivu, bali la kijani kibichi kama maji ya bwawa. Wingu la namna ile linabeba mvua ya mawe. Mwaka uliopita lilikuwa limeua kondoo tisa tutani, na hapakuwa na pango wala kibanda hadi chini kwenye mianzi.

"Tushuke, Mzee. Upesi."

"Tunashuka," akasema Mzee Lutengano, na nyonga zake zikasema *zii*, kisha hazikusema tena.

Akasimama pale pale mguu mmoja mbele. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa heshima, kama mtu anayemwamsha mgeni. Hakuna kitu. Mama Tulizo alimwegemeza kwenye jiwe, akazifungua zile nyonga. Bila chuma miguu ile ingemfikisha hatua ishirini, labda thelathini.

"Nikubebe?"

"Nibebe uwaambie nini watu? Kwamba umeokota kuni?"

Mama Tulizo akashusha kasha alilokuwa amelibeba mgongoni, akampakatisha mzee. "Shika mpini. Kasha hufungukia mwenye haja mwenyewe."

Mzee akashika. Kitaa kikawaka.

"Hali yako?"

"Nzuri," akasema Mzee Lutengano.

Kasha likajibu, "Maneno yako na mapigo ya moyo wako hayapatani. Umebakiwa na nafasi mbili. Zikiisha, sitafunguka mpaka kesho asubuhi."

Mzee akainua uso. "Limesema nini?"

"Limesema moyo wako unakataa."

"Limeniita mwongo! Mimi, mzee wa kanisa! Kitoto cha mpira cha juzi, hata shikamoo hakijui!"

"Mzee, jibu tu. Liambie umekwama."

"Nitaliambia. Lakini mtu akikuuliza hali huwezi kumrushia shida usoni kama maji machafu. Mimi napumua. Mungu ameniamsha. Nikisema vibaya, nimemtukana nani?"

Hayo hayo ndiyo Mama Tulizo aliyofundishwa na mama yake. Upepo ulianza kunuka chuma. Mzee akashika mpini tena, akasafisha koo.

"Hali yako?"

"Nzuri tu, ila hizi nyo—"

"Maneno yako na mapigo ya moyo wako hayapatani. Umebakiwa na nafasi moja."

"Halina adabu!" akafoka Mzee Lutengano. "Linamkata mtu mzima maneno!" Lakini sauti yake ilikuwa imepungua unene, na vidole vyake kwenye mpini vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu.

Jiwe la kwanza la barafu likaanguka karibu nao, dogo kama punje ya njegere. Likadunda kwenye majani.

Hapo Mama Tulizo akawaza jambo ambalo hakulitaka. Angeweza kulishika kasha yeye. Moyo wake ulikuwa unapiga kama mchi kwenye kinu. Akisema, *Nimevunjika mguu, nakufa*, lile kasha lingesikia kilio na mapigo yakipatana, lingefunguka. Mzee angeshuka salama, heshima yake mfukoni. Na kasha lingejifunza. Makasha yote kumi na mawili yangejifunza, na siku moja kungekuwa na arusi nzuri, na spika zimezimika, na mtu mwenye sauti ya kilio. Angemwokoa huyu leo kwa kumuua nani? Lakini huyu wa leo alikuwa hapa, mbele yake, na meno yanagongana. Mtu wa kesho hana uso.

Ee Baba, akaomba kimoyomoyo, nisiwe mtu wa kutunza ulimi wangu mweupe juu ya maiti ya mzee.

Akanyoosha mkono kwenye mpini. Ukafika nusu ya njia.

Hapo ndipo ile punje aliyoiweka pembeni Jumapili ikamrudia. *Nzuri sana*, mchungaji alisema, na kasha likamuaga. *Nzuri tu, ila*, mzee alisema, na kasha likamkata palepale kwenye *ila*. Akakumbuka msiba wake mwenyewe. Kutwa nzima watu waliingia uani. Habari za hapa? Na yeye, mume amelala ndani chini ya shuka, alimjibu kila mmoja: nzuri, ila tumefiwa. Hakuona kama amedanganya hata mara moja. Ile nzuri ni mlango, na *ila* ndiyo nyumba. Hili kasha lilikuwa linafika mlangoni, linasema asante, linaondoka.

Akarudisha mkono.

"Mzee," akasema, "anza na ila."

"Nini?"

"Usianze na nzuri. Nzuri ya Mungu hatumnyimi, tutaimalizia. Lakini safari hii anza na ila. Ila nini? Mwambie huyo mtoto yote, ya kweli, kwa pumzi moja."

Mzee Lutengano alitazama bonde. Mawe yalikuwa yanaongezeka, sasa yalikuwa kama maharage. "Ya kweli," akasema polepole, "sijamwambia hata marehemu mke wangu."

"Mficha uchi hazai, Mzee."

"Uchi wa miaka sabini na minane, mwanangu, si wa kuangaliwa."

Mama Tulizo akasimama. Akavuta kitenge chake, akajifunika kichwa chote, masikio na macho, akampa mgongo. Akaanza kuimba wimbo wa sauti ya pili, ile anayoiharibu, kwa nguvu zake zote.

Hata hivyo alisikia. Mungu amsamehe, kitenge ni kitambaa tu.

"Hali yako?"

"Ila naogopa," akasema Mzee Lutengano, haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. "Miguu imekufa, mikono siisikii, naogopa kufa hapa kama rafiki yangu, na huyu mama hataniacha, kwa hiyo nitamuua na yeye."

*Kla.*

Kifuniko kikaruka. Joto likawapanda usoni kama pumzi ya mkate.

"Lakini nzuri," akamalizia mzee. "Namshukuru Mungu."

Mama Tulizo alizitoa betri mbili, za uvuguvugu kama mayai yaliyotagwa sasa hivi, akapangusa midomo ya nyonga kwa pindo la gauni isiwe na maji, akazisukuma ndani mpaka zikashika. *Zii.* Alimfunga mzee mikanda, wakashuka. Mawe yalipokuwa makubwa kama limau, alimkabidhi mzee kasha alishike juu ya kichwa, naye akajibana chini ya kwapa lake. Kila jiwe lilipogonga mpira, *ko!*, kasha lilidhani limeshikwa.

"Hali yako?"

"Ila mawe!" akajibu Mzee Lutengano.

*Ko!* "Hali yako?"

"Ila mawe, nimesema! Huna masikio?"

*Ko!* "Hali yako?"

Walifika kwenye mianzi wanacheka mpaka wamelala chini, wote wawili, mama mzima na mzee wa kanisa, huku kasha likiendelea kuuliza.

*

Fundi Nasra alirudi Jumapili. Kila kasha huweka kumbukumbu ya yaliyosemwa, na yeye alikuwa amezisikiliza zote njiani. Alishuka uso umemshuka.

"Arobaini na moja," akamwambia Mama Tulizo nje ya kanisa. "Watu arobaini na mmoja wameyajaribu makasha tangu nilipoondoka, wengine kwa haja kweli. Arobaini wamejibu nzuri. Yupo mmoja aliyetegua mguu, amesema, 'Hatujambo, sijui ninyi huko?'"

"Na wewe kwenu Tanga mnajibuje?"

Binti akaziba uso kwa mtandio. "Mama, bibi yangu alikuwa na homa ya kulazwa, nikampigia simu, akaniambia njema kabisa, habari za masomo. Mimi nimekulia humo! Lakini kule kazini tulikaa mezani, tukaandika kwamba mtu akiwa na shida akiulizwa atasema ana shida. Hakuna aliyecheka."

"Mngemwita hata mpishi wenu akawasikiliza."

"Sasa nifanyeje? Nilifundishe kwamba nzuri maana yake mbaya?"

"Hapana!" Mama Tulizo alisema kwa ukali mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Nzuri ni nzuri. Usiiguse. Lifundishe kusubiri. Mgeni mwenye adabu hamalizi mlangoni. Akishajibiwa nzuri, hukaa, hunyamaza kidogo, kisha huuliza."

"Huuliza nini?"

Mama Tulizo akamwambia.

Fundi Nasra alikaa kwenye ngazi za kanisa na kile kibao chake cha kioo, akagusagusa mpaka watu wa ibada ya pili wakatoka. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Lutengano. Aliushika mpini kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya.

"Shikamoo, mzee," likasema kasha.

Mzee akageuka kuwatazama watu wote, mmoja mmoja. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Mmeona? Mtoto ni kufundwa."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mianzi, Mama Tulizo alikaa jikoni kwake na kasha mezani. Siku arobaini zilikuwa hazijaisha, na kila siku alitakiwa aliongeleshe kidogo. Sufuria ya viazi ilikuwa motoni. Akashika mpini.

"Shikamoo, Mama. Hali yako?"

"Marahaba. Nzuri."

Kasha likasubiri. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

"Ila?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha neno hilo, na bado lilimkuta hana viatu. Kwa miaka sita watu walimuuliza hali, naye alijibu, nao wakapita. Watu wazuri. Hawakuwa wamekosa adabu, ila tu walikuwa na haraka ya kwenda shambani.

"Ila," akasema Mama Tulizo, na akafikiri kidogo, maana lile lilikuwa kasha na yeye aliapa kutolidanganya. "Ila bado napika viazi vya watu wawili."

*Kla.*

Kifuniko kikaruka. Betri zote nne, pamoja na zile mbili zilizorudishwa, zikamtazama, zimelala kwa mpangilio, zina joto.

"Funga wewe!" akasema, akacheka huku anapangusa macho kwa pindo la kitenge. "Funga! Hiyo si haja ya betri."

Lakini Hakimu alikuwa ameshahukumu. Mama Tulizo akalifunga kasha kwa mkono wake, akaepua sufuria, akaifunika kwa sahani, akaifunga kwenye kitambaa na kujitwisha. Akateremka kwa Mzee Lutengano na viazi vyake vya watu wawili. Hata kabla hajafika kwenye ua wa matete alisikia sauti ya mzee ikimsimulia mtu, nene, imejaa tele, jinsi alivyosimama katikati ya mvua ya mawe bila kuogopa kitu.

"Hodi," akaita Mama Tulizo. "Habari za hapa?"

"Nzuri!" akaitikia mzee.

Mama Tulizo akasimama mlangoni na sufuria kichwani, akasubiri pumzi tatu.